Bwana Msa, Willy Gamba na wasomaji waliowatunza

Forest, au Vorst kwa Kiholanzi, ni moja ya manispaa 19 zinazounda mkoa wa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Kwa zaidi ya karne moja jina la manispaa hiyo limetajwa sana kwa sababu ya gereza lake, lililofunguliwa mwaka 1910 jirani kabisa na gereza kongwe zaidi la Saint-Gilles. Wafungwa wake walihamishiwa katika gereza jipya la Haren, lililofunguliwa mwaka 2022 upande wa pili wa jiji. Kwa mpenzi wa riwaya za upelelezi, pale si mahali pabaya pa kuanzia hadithi.

Ubelgiji ni nchi ndogo, lakini katika riwaya za mauaji na mafumbo ni dola kubwa. Georges Simenon, aliyezaliwa mjini Liège mwaka 1903, ndiye aliyemuumba Inspekta Maigret na kumwandikia riwaya 75. Stanislas-André Steeman, naye mzaliwa wa Liège, alipata tuzo mjini Paris mwaka 1931 akiwa bado kijana. Hata Mwingereza Agatha Christie, alipomhitaji mpelelezi mwenye akili kali na masharubu yaliyotunzwa, alimchagua Mbelgiji, Hercule Poirot, mkimbizi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akamtoa kitabuni mwaka 1920.

Kipindi ambacho riwaya hizo zilistawi zaidi ndani ya Ubelgiji kwenyewe kilikuwa kipindi cha dhiki. Ujerumani ilipoikalia nchi hiyo mwezi Mei mwaka 1940, vitabu vya Kiingereza vilipigwa marufuku na vitabu kutoka Ufaransa vikawa haba. Watu walikuwa na jioni ndefu za giza na kiu ya kusoma. Waandishi wa Kibelgiji wakaijaza nafasi hiyo kwa vitabu vyembamba vya bei nafuu, na Steeman mwenyewe akasimamia mfululizo wa riwaya za upelelezi ulioitwa Le Jury. Wahakiki hawakuvishangilia. Wasomaji walivimaliza.

Katika Brussels ya leo wamo pia wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wenye asili ya mashariki mwa Kongo, Burundi na Rwanda, na wengine wa Kenya na Tanzania. Maigret na Poirot wanapatikana kwa urahisi katika maduka ya vitabu ya jiji hilo. Lakini Kiswahili nacho kina wapelelezi wake, na historia yao inafanana na ile ya Ubelgiji kuliko mtu angedhani: nao walikua wakati wa uhaba, nao walidharauliwa na wasomi, nao waliokolewa na msomaji aliyemwambia mwenzake, kisome hiki.

Wa kwanza wao ni Bwana Msa. Alizaliwa kutokana na mashindano ya kuandika hadithi kwa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ambayo mshindi wake alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Hadi wakati huo msomaji wa Kiswahili aliyetaka kusisimka alitegemea zaidi tafsiri, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, zote mbili za mwaka 1929. Abdulla alikuwa amezaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi katika idara ya afya, kisha akaingia katika uandishi wa magazeti, na baadaye akawa mhariri wa jarida la kilimo liitwalo Mkulima. Hadithi yake iliyoshinda, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960 na East African Literature Bureau.

Kwamba Abdulla alimsoma Sherlock Holmes ni jambo lisilofichika. Bwana Msa huvuta kiko na hutazama viatu vya mtu kabla ya kuyasikiliza maneno yake, na anaye rafiki, Najum, ambaye huona yote bila kuelewa mengi. Lakini anayeishia hapo na kusema kwamba huu ni uigaji atakuwa hajakisoma kitabu. Maiti inakutwa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba wazee wa kale wamekasirika. Kazi ya Bwana Msa si kumtafuta muuaji tu. Ni kuwatoa watu katika hofu waliyoizoea na kuwaonyesha kwamba nyuma ya pepo kuna mtu, na nyuma ya mtu kuna mali, wivu au siri ya nasaba. Holmes hakuwa na kazi hiyo kila siku. Na Kiswahili chake! Ni Kiswahili cha barazani Unguja, chenye mzaha, mafumbo na mazungumzo yanayozunguka kabla ya kufika, kiasi kwamba msomaji husahau kwamba kuna maiti inayosubiri.

Riwaya nyingine za Bwana Msa zilifuata: Kisima cha Giningi mwaka 1968, jina ambalo kwa Wazanzibari huashiria mambo ya wachawi, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, na nyinginezo hadi miaka ya themanini. Wahakiki walimlaumu mwandishi kwamba baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 aliendelea kuisawiri Zanzibar ya matajiri, mashamba na majumba makubwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini katika vitabu hivyo mali ya wakubwa karibu kila mara ina doa, na ni Bwana Msa anayelifukua. Abdulla alifariki mwaka 1991.

Upande wa Bara, mambo yalikwenda mbio zaidi. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, yenye Inspekta Wingo na jiji la Dar es Salaam lililokuwa na simu, magari na hofu ya kisasa. Hapakuwa na mzimu tena. Kitabu kilikuwa chembamba, sentensi fupi, na kila sura iliishia mahali ambapo msomaji hawezi kuzima taa. Vijana waliokuwa wakiwasoma wapelelezi wa Kizungu kwa Kiingereza cha shule waligundua kwamba mambo yale yale yanaweza kutokea katika mitaa yao, kwa lugha yao.

Kisha wasomaji wakaongezeka kwa namna ambayo haikuwa imewahi kuonekana. Tanzania ilipoingia katika kampeni ya elimu ya watu wazima, idadi ya wasiojua kusoma na kuandika, ambayo kwa takwimu za serikali ilikuwa asilimia 67 mwaka 1967, ilishuka hadi asilimia 27 mwaka 1977. Watu walifundishwa kusoma kwa vijitabu vya pamba, mbolea na afya. Baada ya kujua kusoma, wengi walitaka jambo jingine. Hakuna aliyepaswa kushangaa.

Waliwapata Elvis Musiba na Willy Gamba. Riwaya ya Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, na shujaa wake hakuwa polisi wa kuchunguza wizi, bali jasusi. Ili kuuelewa mvuto wake ni lazima kuikumbuka Dar es Salaam ya miaka ile. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake katika jiji hilo tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walipita mitaani, na majasusi wa maadui wao hawakuwa hadithi ya kubuni. Mwaka 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, papo hapo Dar es Salaam. Willy Gamba alipopambana na mawakala wa makaburu, msomaji alikuwa anasoma kisasi ambacho magazeti hayakuweza kumpa.

Wasomi wengi hawakuliona hilo. Katika miaka ya Azimio la Arusha, fasihi ilitarajiwa kujenga jamii, na vitabu vyenye bastola, pombe na wanawake wazuri viliitwa takataka za kibepari zilizonakiliwa kwa James Hadley Chase. Chase alikuwa Mwingereza aliyeandika juu ya Marekani bila kuwahi kuishi huko. Musiba alikuwa Mtanzania aliyeandika juu ya Dar es Salaam. Kwa hiyo hata kama alinakili, alinakili kwa manufaa. Lawama yenye uzito zaidi ni nyingine: wanawake katika riwaya hizo aghalabu ni chambo au pambo, hupendwa sura moja na kuuawa sura inayofuata. Anayetaka hadithi ambayo mwanamke ndiye mwenye mapenzi na mashaka yake mwenyewe ni afadhali amtafute Zainab Burhani, hasa katika Mwisho wa Kosa ya mwaka 1987.

Jina walilopewa vitabu hivi na wasomi, riwaya pendwa, lilikusudiwa kuvitenganisha na riwaya zilizoitwa dhati. Ni jina la ajabu kutumiwa kama lawama.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini uchumi wa Tanzania uliyumba. Fedha za kigeni zikakosekana, vitabu kutoka nje vikaadimika, karatasi nazo zikawa shida. East African Literature Bureau ilikuwa imekwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Kama ilivyokuwa Ubelgiji wakati wa vita, uhaba huo uliwafungulia mlango waandishi wa nyumbani, mara nyingi kwa karatasi duni na gundi isiyoshika. Nakala moja ilisomwa na mtu mmoja baada ya mwingine, ikiazimwa na kuazimwa tena, hadi jalada likang'oka na kurasa za mwisho zikapotea, balaa kubwa kuliko yote kwa kitabu cha upelelezi.

Mwandishi aliyeielewa hali hiyo kuliko wote alikuwa Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, aliyeanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, ili asimsubiri mtu. Mpelelezi wake Joram Kiango ni mtu mwenye majivuno na ucheshi, naye alimfikisha msomaji mahali ambapo Willy Gamba hakufika: ndani ya mashaka. Katika Tutarudi na Roho Zetu? ya mwaka 1987, hata jina la kitabu ni swali. Dar es Salaam Usiku, riwaya yake nyingine, imejaa baa, makahaba, fedha chafu na huruma. Mtobwa alifariki mwaka 2008 na Musiba mwaka 2010, na tangu hapo nakala za vitabu vyao vingi zimekuwa za kutafutwa kwa taabu.

Riwaya ambazo shule huzitahini huchapishwa kila mwaka, kwa sababu kila mwaka kuna mtihani. Riwaya ambazo watu walizisoma kwa hiari, bila kuulizwa swali lolote mwishoni, hazina wizara ya kuziagiza. Zikiisha, zimeisha. Hadithi za kusisimua zenyewe hazikukoma: miaka ya 2000 Eric Shigongo aliwafanya Watanzania wanunue magazeti kwa ajili ya mfululizo wa hadithi kama Rais Anampenda Mke Wangu, Hussein Tuwa akaandika Mkimbizi na Utata wa 9/12, na baadaye sura za hadithi zikaanza kusambazwa kwa simu, sura moja leo, nyingine kesho kwa malipo. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Brussels anaweza kuipata sura mpya dakika ile ile inapomfikia msomaji wa Mwanza. Kisima cha Giningi kitamchukua miezi kukipata.

Kwa msikilizaji anayetaka kuanza, mpangilio mzuri si wa miaka. Aanze na Tutarudi na Roho Zetu?, kwa sababu haimwachi mtu alale. Kisha arudi nyuma kwa Willy Gamba, akiwa na ramani ya Afrika ya mwaka 1974 karibu yake. Bwana Msa amwekee mwisho, siku ambayo hana haraka, maana Abdulla hakuwahi kuwa na haraka. Na akibahatika kupata nakala ya zamani, kabla ya kulipa ahesabu kurasa za mwisho.