Paje (ufuko)

Paje ni kijiji na ufuko wa utalii kusini mashariki mwa Unguja, takriban kilomita 50 kutoka Mji Mkongwe. Mwamba ulio mbali na pwani huvunja mawimbi, na maji ya ndani yake hayana kina. Ndiyo maana hoteli za hapa zina sifa ya mchezo wa kuteleza majini kwa tiara, misimu ya kaskazi na kusi. Mabwawa, kukandwa mwili na safari za ngalawa zipo pia, kama kwingineko. Maji ya bamvua yakipwa, mgeni hulalamika hana pa kuogelea. Kumbe hiyo ndiyo saa ya kazi kwa wanawake wanaofunga mwani kwenye kamba zilizokazwa kwa vijiti, kilimo cha biashara kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989.