OLED au LCD: ununue televisheni ipi?

Minada ya korosho ikishaanza na malipo yakaingia, maswali yanayofika studio hubadilika. Msimu huu mengi ni ya televisheni. Msikilizaji anauliza: ninunue LCD au OLED? Mwingine ameambiwa dukani kwamba OLED ndiyo ya kisasa na hiyo nyingine imepitwa na wakati. Hewani muda hautoshi kueleza yote, kwa hiyo tumeyaweka hapa uyasome taratibu kwenye simu yako kabla hujapanda gari kwenda mjini.

Tuanze na jibu. Kwa nyumba nyingi za wasikilizaji wetu, LCD ndiyo ya kununua. Picha ya OLED ni nzuri zaidi, hilo halina ubishi. Lakini picha nzuri ni sehemu moja tu ya televisheni. Kuna umeme wa kuilisha, kuna fundi wa kuitengeneza, na kuna pesa ya msimu mzima ambayo ikishatoka hairudi mpaka mwakani.

Majina yanayochanganya

Dukani karibu kila boksi limeandikwa LED, na mtu hujiuliza hiyo LCD iko wapi. Ni hiyohiyo. Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe, kinahitaji taa nyuma yake. Zamani taa hizo zilikuwa mirija myembamba ya floresenti, kisha vikaja vitaa vidogo vya LED. Wauzaji wakachukua jina la taa wakalibandika kwenye televisheni nzima.

QLED nayo ni LCD. Imeongezewa utando wenye chembe ndogo mno zinazofanya rangi zikolee. Ni chembe za maana, maana waliozigundua na kuziendeleza walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, lakini taa bado iko nyuma ya kioo. Ukiitazama kwa haraka, Q inafanana sana na O, na mwenye duka hana haraka ya kukusahihisha.

OLED ni kitu kingine kabisa. Fikiria ukuta wenye madirisha madogo mamilioni, na nyuma yake taa kubwa inayowaka muda wote. Hiyo ni LCD: picha inatokea kwa kufungua na kufunga madirisha. Sehemu inayotakiwa kuwa nyeusi, dirisha linafungwa, lakini mwanga kidogo huvuja, kama jua linavyopenya kwenye tundu la bati. Ndiyo maana usiku, kwenye filamu ya giza, weusi wa LCD huonekana wa kijivu. Kwenye OLED hakuna taa ya nyuma. Kila nukta ya kioo ina kibatari chake, na panapotakiwa weusi kibatari kinazimwa kabisa.

Huenda tayari unatembea na OLED mfukoni. Usiku zima taa za chumbani, fungua picha nyeusi tupu kwenye simu yako kisha ongeza mwanga. Ukiona kioo cha kijivu chenye mwanga unaovuja pembeni, simu yako ni ya LCD. Kioo kikipotea gizani usijue kinaishia wapi, ni OLED, na kwenye boksi la simu mara nyingi huandikwa AMOLED. Jaribio hilihili linafaa dukani ukitaka kuhakikisha unachouziwa, mradi mwenye duka akubali kufunga pazia.

Kuna njia nyingine rahisi zaidi ya kumkamata mdanganyifu. Televisheni za OLED za kawaida zinazouzwa kwa matumizi ya nyumbani hazishuki chini ya inchi 42. Ukiuziwa ya inchi 32 yenye stika ya OLED, stika hiyo inakudanganya. Kwa hiyo kama bajeti yako ni ya inchi 24 au 32, swali la OLED au LCD halikuhusu tena, na unachotakiwa ni kuchagua LCD iliyo nzuri.

Umeme wako ni wa aina gani?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu dukani televisheni inawashwa kwa umeme wa mwenye duka.

LCD ya inchi 32 huandikwa kati ya wati 30 na 60. OLED ya inchi 55 hufika wati 100 na zaidi, na matumizi yake hubadilika kulingana na picha: filamu ya giza inakula kidogo, mpira wenye uwanja wote wa kijani unaong'aa unakula zaidi. Tuchukue wati 40 kwa LCD na wati 110 kwa OLED, saa sita kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30, LCD inakula uniti 7 na kidogo, OLED inakaribia uniti 20. Kwa aliye kwenye kundi la D1 la TANESCO, lile la matumizi madogo ya nyumbani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo si ndogo. Jumlisha friji na pasi uone unabaki na nafasi gani kabla ya kuvuka.

Kwenye sola hesabu ni kali zaidi. Betri ya kawaida ya maji ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiimalize zaidi ya nusu. Unabaki na 600. LCD ya wati 40 pamoja na king'amuzi cha wati 15 itakwenda saa tisa hivi, baada ya inveta kuchukua chake. OLED ya wati 110 na king'amuzi hichohicho haizidi saa nne na ushee. Ni mechi mbili, kisha watoto wasome kwa tochi. Na hapo jua liliwaka mchana kutwa. Siku za masika tusizungumze.

Televisheni za volti 12 zinazochomekwa kwenye sola bila inveta ni LCD, na kwa nyumba isiyo na umeme wa gridi hizo ndizo za kutazama kwanza. Inveta ikitoka katikati, umeokoa umeme na umepunguza kitu kimoja cha kuharibika.

Alama isiyofutika

OLED ina ugonjwa wake. Vile vibatari vimetengenezwa kwa malighafi inayochakaa kwa kuwaka, na vya bluu huchakaa mapema kuliko vingine. Nembo ya chaneli ikikaa pembeni pale pale kila siku, au kibao cha magoli kikikaa juu mwezi baada ya mwezi, nukta za sehemu hiyo huchakaa kuliko jirani zake. Baadaye unabadilisha chaneli lakini kivuli cha nembo kinabaki. Nyumba inayobadilisha vipindi huenda isiione kabisa alama hiyo. Nyumba yenye chaneli moja ya habari au ya michezo kuanzia asubuhi hadi usiku, itaiona.

Kwa mwenye kibanda umiza shauri letu halina kona: usiweke OLED. Mechi nne kwa siku na nembo ileile kwenye kona ndiyo kazi ambayo kioo hicho hakikuumbiwa. Soma pia karatasi ya waranti, kwa kuwa nyingi hazihesabu alama hizo, na nyingi ni za matumizi ya nyumbani tu, si ya biashara.

Watengenezaji wameweka kinga. Baada ya jumla ya saa nne hivi za kutazama, ukizima kwa rimoti, televisheni hujisawazisha yenyewe kwa dakika kadhaa ikiwa bado imechomekwa. Sasa tazama tabia ya kwetu: tukimaliza taarifa ya habari tunazima ukutani au kung'oa plagi ili tuokoe LUKU au betri. Ukifanya hivyo kila siku, OLED haipati nafasi ya kujitibu. Ila radi zikianza, ng'oa plagi na waya wa antena, iwe OLED au LCD. Radi haisubiri dakika kadhaa.

Ikiharibika

LCD za bei nafuu hufa kwa namna inayojulikana. Sauti inatoka, rimoti inaitika, kioo ni giza. Mulika tochi ya simu karibu na kioo. Ukiona picha hafifu inacheza, kioo ni kizima na taa za nyuma ndizo zimekufa. Fundi wa mjini hufungua akabadilisha vipande vya taa, na spea zake zinapatikana. Unaweza kuchelewesha tatizo hilo siku ya kwanza tu kwa kushusha mwanga wa nyuma kwenye mipangilio. Nyingi huwashwa zikiwa zimepandishwa sana ili zivutie dukani, na taa inayowaka kwa nguvu zote haidumu.

Kwenye OLED taa na kioo ni kitu kimoja. Kioo kikifa, unabadilisha kioo, na bei yake hukaribia televisheni mpya. Kupasuka ni msiba kwa zote mbili. Lakini hasara ya LCD ndogo ni ya kuumiza wiki, ya OLED ni ya kuumiza mwaka, kwa sababu pesa ya OLED ndogo kuliko zote ingenunua LCD za inchi 32 zaidi ya tatu.

Umeme unaopanda na kushuka huua zote. Kifaa cha kulinda umeme usikinunue kwa salio la pesa. Kihesabu ndani ya bei ya televisheni tangu mwanzo.

Nani basi anunue OLED?

Mwenye umeme wa gridi unaotulia, sebule inayoweza kutiwa giza, intaneti ya kuleta filamu zenye picha safi, na pesa ambayo ada ya shule haiigusi. Huyo atafurahi. Akikaa pembeni rangi hazibadiliki, na mpira ukipigwa kwa kasi hauachi mkia. Lakini sebule yenye mlango wazi mchana kutwa, kioo cha OLED kinachong'aa kama meza ya vanishi kitakuonyesha uso wako. Na chaneli ya kawaida ya king'amuzi, ile isiyo ya HD, ukiitandaza kwenye inchi 55 inaonekana imefifia, hata kioo kiwe cha dhahabu.

Kwa anayenunua LCD, kuna mambo mawili ya kufanya dukani. Sogea pembeni, kushoto kisha kulia, uone kama nyuso za watu zinafifia, kwa sababu LCD hutofautiana sana hapo na nyumbani si wote mtakaa katikati. Kisha tafuta maandishi DVB-T2 kwenye boksi. Hayo yanaonyesha kwamba inaweza kupokea matangazo ya kidijitali ya antena bila king'amuzi cha nje, kwa chaneli zisizolipiwa zinazofika kwenu.

Iwashwe mbele yako kabla hujalipa, na risiti iandikwe namba ya boksi. Njiani boksi lisimame wima, lisilazwe, na lisikaliwe na gunia. Kioo kilicholazwa juu ya bodaboda kwenye barabara ya makorongo hupasuka ndani bila boksi kuonyesha kitu. Ukifika, iwashe siku hiyohiyo hata kama mgeni wa heshima uliyemkusudia bado hajafika, maana duka likiambiwa wiki mbili baadaye kwamba ilikuja imepasuka, litasema imepasukia kwako.