Kamusi Iliyochelewa Miaka 39

Wiki hii nimeshinda nikipambana na programu niliyorithi kutoka kwa mtu aliyeacha kazi zamani. Mwongozo wake unaeleza kitufe ambacho hakipo tena, na kitufe kilichokaa mahali pake hufanya kazi nyingine kabisa. Mteja aliuamini mwongozo, akafuta rekodi za mwezi mzima. Nikizirejesha kutoka kwenye nakala ya akiba, nilikumbuka kisa cha kamusi moja. Ngoja niwasimulie.

Mwaka 1857, chama cha wanaisimu cha London, Philological Society, kiliona kwamba kamusi za Kiingereza hazikutosha. Watu wa kujitolea wakaombwa wasome vitabu na kunakili sentensi kwenye vikaratasi, kila kikaratasi neno moja. Ukiniuliza, huo ulikuwa mradi wa programu huria kabla ya tarakilishi: watu wasiojuana, kila mmoja analeta kipande chake kwa posta.

James Murray alikabidhiwa kazi mwaka 1879, kwa ahadi ya kumaliza katika miaka 10. Alipokea karibu tani 2 za vikaratasi, na baadhi ya magunia yalikuwa na panya. Herufi H ilipatikana Florence, Italia. Vikaratasi vya Pa vilikutwa bandani huko Ireland, vingine vimeshatumiwa kuwashia moto. Wewe uliyewahi kutafuta faili la mwisho katika kipakatalishi cha mtu aliyehama kazi, unanielewa.

Miaka 5 baadaye, 1884, kijitabu cha kwanza kilitoka: A mpaka Ant. Murray alifariki mwaka 1915, na kamusi ikakamilika mwaka 1928.

Hakuwa mvivu. Shida ni kwamba lugha haikumsubiri. Neno "appendicitis" liliachwa nje ya herufi A. Mwaka 1902 ugonjwa huo ukaahirisha kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na kila mtu akawa analitamka. Neno "bondmaid", yaani mjakazi, lilikosekana kwa sababu vikaratasi vyake vilipotea. Sisi tungeita hitilafu. Wao walisubiri nyongeza ya mwaka 1933 kuirekebisha.

Nyongeza nyingine, majuzuu 4, zilitoka kati ya 1972 na 1986. Sasa msomaji alilazimika kutafuta neno mahali pawili, kama vile viraka juu ya viraka. Ndipo kamusi yote ikaingizwa kwenye tarakilishi: wapigachapa 120, herufi zaidi ya milioni 350. Kila sehemu iliwekewa alama yake: kidahizo, matamshi, asili, mwaka wa sentensi. Bila alama hizo, mashine isingeweza kuunganisha nyongeza na kamusi mama. Toleo la pili likatoka 1989, majuzuu 20.

Lakini hapa ndipo penye funzo. Kuunganisha si kurekebisha. Maelezo mengi ya enzi za Murray yalibaki yalivyokuwa, yamevalishwa nguo mpya tu. Ukaguzi wa kweli ulianza kuonekana kwenye intaneti mwaka 2000, tena kwa herufi M wala si A, kwa sababu herufi za mwanzo ziliandikwa kabla wahariri hawajakomaa katika utaratibu wao. Kazi hiyo inaendelea hadi leo, ikitolewa kidogo kidogo.

Nami nimefanya vivyo hivyo. Mwongozo nimeuweka pamoja na msimbo, na anayebadilisha kitufe lazima abadilishe ukurasa wake siku hiyo hiyo. Sikuanza na ukurasa wa kwanza. Nimeanza na ule wa kufuta rekodi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mteja wangu daftari alikuwa nalo, ila hakuna aliyelipitia kwa miaka.