Barua Ilikuwa na Mchukuzi

Kundi la WhatsApp la usharika wetu hapa Singida lilianzishwa kwa ajili ya matangazo ya ibada, misiba na michango. Usiku mmoja, baada ya mavuno ya alizeti, ulizuka ubishi kuhusu fedha za mabati ya kanisa. Kabla hatujalala, mhazini wetu alikuwa ameitwa mwizi na watu waliompa mkono mlangoni Jumapili iliyotangulia. Jumapili iliyofuata hakuonekana ibadani. Tukajiuliza: je, sisi ni watu wawili, mmoja wa kanisani na mwingine wa mtandaoni?

Swali hilo ni la kale. Katika miaka ya 50 baada ya Kristo, wako waliomsema Mtume Paulo huko Korintho kwamba nyaraka zake ni kali, lakini akiwapo mwenyewe ni mnyonge. Paulo hakulipuuza neno hilo. Katika 2 Wakorintho 10:11 anajibu kwamba vile alivyo katika barua akiwa mbali, ndivyo atakavyokuwa kwa matendo akiwa karibu. Tena nyaraka zile hazikusafiri zenyewe. Zilibebwa na ndugu waliosimama mbele ya kanisa, wakaziona nyuso za wasikilizaji.

Hapa kwetu nako barua ilikuwa na mchukuzi. Reli ya Kati, inayopita Manyoni, ilifika Kigoma mwaka 1914, na njia ya barua ikafupika. Lakini kutoka stesheni hadi kijijini ilihitaji mtu wa kuifikisha. Wazee wetu wengi hawakujua kusoma, na Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Barua ikifika, mtoto wa shule aliitwa aisome kwa sauti, nyumba nzima ikisikiliza na majirani wakiwapo. Mwandishi alilijua hilo. Alianza kwa salamu, akauliza hali ya wazee, mifugo na mvua, ndipo akafikia shida yake. Watu waligombana kwa barua pia, lakini tusi lilipaswa kupita kinywani mwa mtoto.

Simu imemwondoa mtoto yule. Neno linafika hasira ikiwa bado ya moto, wala hatuoni linavyopokelewa. Serikali imeiona hatari hiyo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Ni sheria ya haki, lakini sheria huadhibu. Haimrudishi ndugu ibadani.

Sisi tulirudi kwenye Mathayo 18:15. Wazee wa kanisa wawili walikwenda nyumbani kwa mhazini, wakaketi, wakaomba daftari. Stakabadhi zote zilikuwamo. Walioandika matusi nao wakaenda, mmoja mmoja, na ilikuwa vigumu kuyarudia maneno yale mbele ya mke wake na watoto. Alitusamehe, ingawa ilichukua muda kabla hajarudi kushika hazina.

Tangu siku ile tumekubaliana: mwenye neno juu ya mwenzake aende kwake kwanza. Na kabla ya kutuma lolote, tujiulize kama tungempa mtoto wetu alisome kwa sauti nyumbani kwa mwenye kuandikiwa.