Tukio la Boeing 747 Nairobi (1974)

Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilinusurika kugonga ardhi ikiwa inaongozwa na rubani otomatiki kuelekea kutua Nairobi.

Waongoza ndege waliiruhusu ishuke hadi futi 7,500. Marubani walisikia 5,000, wakaiweka namba hiyo kwenye mtambo, ilhali uwanja wenyewe uko takriban futi 5,300 juu ya usawa wa bahari! Mtambo haukuwa na hitilafu. Ulitii tu, ukaishusha ndege mpaka zikabaki futi 70, yaani mita 21. Marubani walipoiona ardhi waliipandisha haraka.

Tofauti na Nairobi, ambako mtambo ulipewa namba isiyo sahihi na marubani, huko Amsterdam mwaka 2009 kilichoidanganya mitambo ya otomatiki ni kipimo cha kimo chenye hitilafu: Boeing 737 ya Turkish Airlines ilijipunguzia nguvu za injini ikikaribia kutua, ikaanguka shambani. Watu 9 walikufa.