Kazi Isiyo na Ujira katika Pwani ya Mtwara

Mpango wa karanga ulipoanzishwa mwaka 1947, Mtwara ilichaguliwa kuwa bandari ya kusafirishia karanga za Nachingwea. Mpango ulivunjwa mwaka 1951. Gati lilikamilika mwaka 1954. Makuli wa gatini walikuwa wanaume: saa zao zilihesabiwa, na ujira wao uliandikwa daftarini. Katika usemi wa bandarini, "kazi" ni ile yenye mshahara. Mwanamke alimaye mpunga katika bonde la Ruvuma, akateka maji, akatwanga na kupika, akiulizwa kazi yake huweza kujibu kwamba hana.

Mapumziko nayo hayakuwa sawa. Jioni mume huketi barazani akacheza bao. Mke naye huzungumza na jirani zake huku mikono ikisuka ukili, hata mapumziko yake yakazaa mkeka.

Ilipotafsiri Sheria ya Ndoa ya 1971, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Basi sheria imeitangulia lugha: mahakamani jasho la jikoni lina hesabu, barazani mwenye jasho hilo bado "hana kazi".