Chanda Chema na Mwenye Pete: Waimbaji wa Enanga wa Bukoba na Muleba

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Methali hii huwafariji vijana wanaoingia katika sanaa, kwa maana yawaahidi ya kuwa uzuri wa kazi utatosha kuwaletea thawabu. Walakini historia ya waimbaji wa nchi ya Wahaya, upande wa magharibi wa Ziwa Nyanza, yaonyesha jambo jingine. Huko vyanda vyema havikukosekana katika zama zozote. Kilichobadilika ni mwenye pete: alikuwa nani, aliitoa kwa sharti gani, na alipoondoka nani alishika mahali pake. Basi anayetaka kujua kwa nini utendi mrefu wa enanga umefifia Bukoba na Muleba, ilhali nyimbo fupi zimestawi, haitamfaa kuuliza habari za vipaji tu. Hana budi kuuliza mwimbaji alikula nini siku alipokuwa akijifunza, na nani aliyemtunzia migomba yake asubuhi baada ya kukesha akiimba.

Ala yenyewe yahitaji maelezo. Mtu wa pwani asikiapo jina la enanga hukumbuka nanga ya jahazi. Mganda naye hukumbuka kinubi chenye shingo iliyopinda. Enanga ya Wahaya si hiyo wala ile. Ni ubao mpana uliochongwa ukawa na bonde katikati, mfano wa sinia refu, na juu yake umetandazwa ugwe mmoja wa kano, ukaenda na kurudi katika pengo za ncha zake mbili hata zikapatikana nyuzi saba au nane. Ala ya ukoo huo yapatikana pia Rwanda na Burundi. Mwimbaji huketi nayo, hupiga nyuzi, na husimulia kwa kuimba mambo ya mashujaa na miungu: habari za Rukiza, za Kachwenyanja, na za Mugasha, mwenye ziwa na tufani.

Tendi hizo zilipata sifa katika vyuo vikuu kwa njia ya ubishi. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama utendi ni fani ya kawaida ya bara hili. Miongoni mwa waliojibu alikuwa Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, aliyewachunguza waimbaji wa enanga, akaandika makala juu yao mwaka 1983, akatoa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, na baadaye kitabu mwaka 2002. Ubishi huo ulikuwa na manufaa makubwa. Hata hivyo uliwafanya wasomaji wengi wa mbali waujue utendi kabla ya kumjua mtu aliyeuimba, na taabu zake za kila siku zikabaki pembeni mwa mazungumzo.

Mlezi wa kwanza wa mtu huyo alikuwa mkama. Kabla ya Emin Pasha kuweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, nchi ilikuwa imegawanyika katika falme, zikiwamo Kiziba, Kihanja, Bugabo, Kyamtwara, Karagwe, na Ihangiro ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Wilaya ya Muleba. Kila mkama alikuwa na kikale, yaani makao yake ya enzi, na katika kikale palihitajika sauti ya kukumbusha nasaba na vita vya waliotangulia. Mkama ndiye aliyekuwa na amri juu ya ardhi. Aliyempendeza aliweza kupewa mashamba pamoja na wakulima waliokaa humo, utaratibu ulioitwa nyarubanja. Katika nchi ambayo ndizi ndizo chakula, na kibanja ndicho makazi ya walio hai na makaburi ya waliokufa, mwimbaji aliyepata sikio la mkama alitumaini kupata zaidi ya sifa. Alitumaini kupata mahali pa kukaa yeye na wanawe.

Malezi hayo yalikuwa na bei. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa hulambwa kwa adabu. Mwimbaji wa kikale alijua mambo ya kusema na mambo ya kunyamazia, na ushujaa aliousifu hapana budi ulipimwa na yule aliyeketi mbele yake. Lakini mkama alimpa mwimbaji kitu kimoja ambacho walezi waliofuata hawakuweza kukitoa, nacho ni wakati. Usiku wa kikale ulikuwa mrefu. Hakuna aliyemwambia mwimbaji amwue shujaa wake upesi kwa sababu muda umekwisha.

Kijana aliyetaka kuifikia hali hiyo alikuwa na mashaka matatu. La kwanza ni ala. Mti ulipaswa kuchongwa na fundi, na nyuzi zilipaswa kupatikana kwa mwenye ng'ombe. Tena Bukoba ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa Tanzania, na unyevu hulegeza kano, hata nyuzi zikataka kukazwa mara kwa mara. La pili ni nafasi ya kusikia. Hapakuwa na shule ya enanga. Palikuwa na kuketi karibu na mzee anayeijua, kumsikiliza, na kumwiga. Asiye na mjomba au jirani mwimbaji alijifunza kwa bahati. La tatu, lililo zito kuliko yote, ni siku zenyewe. Utendi haujifunzwi kwa kukariri maneno tu, kwa maana mwimbaji huutunga tena kila auimbapo. Anayejifunza hana budi ausikie mara nyingi, kwa wazee mbalimbali, mpaka aweze kuupanua na kuukunja kama apendavyo. Hiyo ni kazi ya miaka. Na katika miaka hiyo kibanja hakikungoja: migomba ilitaka kupogolewa, majani yalitaka kutandazwa mashinani, na kahawa ilitaka kuchumwa.

Kahawa ndiyo iliyoleta mlezi wa pili. Wahaya waliijua na kuitafuna tangu zamani, lakini katika utawala wa Wajerumani, na zaidi wa Waingereza, ikawa zao la fedha. Mwaka 1950 wakulima walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika cha kuuza kahawa. Fedha hizo zilizunguka vijijini, zikalipa karo za shule, mahari na harusi, na penye harusi palikuwa na pombe ya ndizi na wageni wanaotaka kutumbuizwa. Mwimbaji wa Kamachumu au Katerero aliweza sasa kula kwa watu wengi badala ya kumtegemea mmoja. Uhuru wake uliongezeka, na ulimi wake ukafunguka. Ila wageni wa harusi huja kucheza, kula na kusalimiana. Hawaji kukaa kimya mpaka alfajiri. Hapo ndipo utendi ulipoanza kugombea nafasi na wimbo.

Mabadiliko ya serikali yalikamilisha kazi iliyoanzwa na fedha. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika nzima, na mwaka 1965 sheria ikaondoa nyarubanja. Wakulima waliokuwa wakiishi kwa hisani ya mabwana walipata haki iliyochelewa mno, wala hakuna mwenye insafu atakayelilia utaratibu ule. Lakini mwanahistoria hana budi kuandika pia hasara ndogo iliyofuatana na faida kubwa: kikale kilipofungwa, mahali pekee palipolipa usiku mzima wa kusikiliza pakafungwa nacho.

Wakati huohuo wamisheni walikuwa wamekwisha kulea sikio jipya. Mapadri wa White Fathers walifungua kituo cha Kashozi mwaka 1892, na Waluteri wakafuata mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kwa wengi wao, nyimbo zilizotaja Mugasha na mizimu mingine zilikuwa karibu mno na ibada walizotaka kuziondoa, na ulevi ulioandamana nazo uliongeza lawama. Kijana mwenye sauti nzuri aliwekwa katika kwaya. Huko alipata mafunzo ya kweli, kalamu na nota. Alipata pia jina jema mbele ya jamaa zake, jambo ambalo mpiga enanga wa vilabuni hakuwa na hakika nalo. Tusidhani kuwa uchaguzi huo ulikuwa mwepesi kwa mtu wa miaka kumi na minane.

Mlezi wa tatu alikuwa redio. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na Radio Tanzania, iliyopata jina hilo mwaka 1965, ilibaki bila mshindani mpaka sheria ya mwaka 1993 iliporuhusu vituo vya watu binafsi. Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na ngoma za mikoa zikaheshimiwa kuliko zilivyopata kuheshimiwa na wakoloni. Heshima hiyo haikuwa ya uongo. Lakini jukwaa la sherehe na chumba cha redio vyote viwili huhesabu dakika, na taifa lililokuwa likijijenga kwa Kiswahili halikuwa na nafasi nyingi ya saa nzima za Kihaya. Isitoshe, Dar es Salaam ilikuwa mbali: meli ya usiku hadi Mwanza, kisha garimoshi, nauli yote kutoka mfukoni mwa mtu asiyejua kama atasikilizwa. Aliyetaka kutoa sahani ya santuri alitazama Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977.

Mashaka ya lugha hayakuwapata waimbaji peke yao. Kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya ziwa, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Alikufa mwaka uliofuata, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Kijana wa Muleba aliyesikia habari hiyo hakuhitaji kuambiwa maana yake.

Halafu zikaja taabu zisizochagua msanii na asiye msanii. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya Kagera, na vita vikaendelea hadi mwaka 1979. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walionekana katika mkoa huohuo. Maradhi hayo yaliwachukua hasa watu wazima walio katika nguvu zao, yaani rika linalosimama kati ya mzee anayejua na mtoto anayejifunza. Fani inayopitishwa kwa kuketi karibu na mtu huumia zaidi kuliko ile iliyo kitabuni, kwa kuwa kiungo kimoja kikikatika hakuna ukurasa wa kurudia.

Mlezi wa nne, studio na kanda, alileta furaha ambayo haifai kudharauliwa. Mwaka 2001 Saida Karoli, mzaliwa wa kijiji cha Bukoba, alitoka na "Maria Salome", akaimba Kihaya, na Afrika Mashariki ikamwitikia bila kungoja tafsiri. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliujenga upya wimbo huo katika "Salome" yao. Waliodhani kuwa lugha ya kijijini ndiyo kizuizi walijibiwa. Kihaya kilivuka mipaka yote; kilichoachwa nyuma ni urefu. Wimbo wa dakika chache ulipanda basi na meli, na utendi wa usiku kucha ukabaki kwa wazee wachache.

Sheria nayo imekuwa na msaada wenye mpaka. Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi na mtumbuizaji njia ya kudai jasho lake. Lakini sheria hushika vizuri zaidi kitu kilichotulia: wimbo uliorekodiwa, wenye jina na mwenyewe. Habari za Rukiza hazina mtunzi mmoja, na kila usiku huzaliwa upya. Anayezirekodi kwa muhtasari ana kitu cha kusajili. Aliyetumia miaka kumi kujifunza kuzipanua ana ujuzi tu, na ujuzi hauna mahali pa kuandikishwa.

Kwa hiyo haifai kumlaumu kijana wa Nshamba anayechagua studio badala ya enanga, wala kumwita mpotevu wa mila. Anafanya walichofanya waliomtangulia: anamtazama mwenye pete wa zama zake. Wanaotamani utendi uendelee wamezoea kuuhifadhi katika maktaba na katika kanda, na kazi hiyo ni njema. Hugh Tracey alizinasa sauti za enanga mwaka 1950, na sauti hizo zasikika hadi leo. Lakini kanda huhifadhi usiku mmoja tu kati ya nyingi. Ili kuwe na usiku mwingine, mtu fulani, iwe chuo, halmashauri, ushirika wa kahawa au kanisa lililobadili moyo, atapaswa kumlipa mzee mmoja na kumlisha kijana mmoja kwa miaka michache, na kisha kuwaita watu waje kuketi na kusikiliza mpaka shujaa afike mwisho wa safari yake. Gharama ya jambo hilo ni ndogo kuliko ya jukwaa la sherehe moja. Wazee wanaoweza kufundisha ndio wasioweza kungoja.